Maswali na Majibu: Kusaka makasha kwa vibao vya mitaa vyenye majina ya Kifaransa

Jiokashi ni mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa, kwa kufuata majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo zinazosomwa kwenye simu au kifaa cha GPS. Ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Kasha la kwanza liliwekwa tarehe 3 mwezi huo katika jimbo la Oregon. Maswali ya safari hii yanahusu tawi moja tu la mchezo: misako inayomtoa mchezaji kibao hadi kibao, vyote vikiwa na majina ya mitaa ya Kifaransa, mpaka herufi na namba alizokusanya zimfikishe kwenye kasha.

SWALI: Natayarisha msako wa aina hii pamoja na mwenzangu na tumeshindwa kukubaliana. Yeye anasema kila kibao chenye neno Avenue au Boulevard kinafaa, kwa kuwa maneno hayo ni ya Kifaransa. Mimi naona hivyo tutajaza mji mzima. Mpaka tuuweke wapi?

JIBU: Hoja yako ndiyo yenye nguvu. Maneno hayo yalitoka Ufaransa kweli, lakini yamezagaa hata pale ambapo Mfaransa hakuwahi kukanyaga. Tazama sehemu inayoutambulisha mtaa, siyo ile inayotaja aina ya njia.

Ukipima hivyo utapata makundi matatu. Kwanza ni vibao vilivyo Kifaransa kizima, kama Rue Dumas na Rue Suffren kule Puducherry, India, ambako vibao vya sehemu ya zamani ya Wafaransa huandikwa kwa Kitamil na Kifaransa. Pili ni jina la Kifaransa lililobaki likifuatwa na neno la Kiingereza: Toulouse, Dauphine na Bienville za New Orleans, au Beaubien na Rivard za Detroit. Tatu ni jina lililotafsiriwa, kama Burgundy ya New Orleans, ambayo ni Bourgogne iliyovaa Kiingereza.

Ugomvi huzuka kwenye kundi la tatu. Sisi tungeliacha nje, kwa sababu msakaji anasoma kibao, na kibao hicho hakimwonyeshi neno la Kifaransa. Mkilikubali, liandikeni waziwazi kwenye maelezo ya kasha kabla mtu hajatoka nyumbani. Kuna pia majina yenye historia iliyochanganyika, kama mtaa wa Carondelet wa New Orleans: Carondelet alikuwa gavana wa Louisiana kuanzia 1791 hadi 1797 kwa niaba ya Hispania, ilhali jina lake ni la Kifaransa. Hilo lipokeeni bila wasiwasi. Mnasaka majina, hamsaki bendera.

SWALI: Fumbo lilisema: "Jumlisha thamani za herufi za mtaa wa kwanza." Kibao kilisomeka CHARTRES ST. Mimi nilipata 131, mwenzangu 92, na wa tatu 136. Nani kakosea?

JIBU: Hajakosea mtu. Aliyekosea ni mwenye kasha, kwa kutosema kinachohesabiwa. Tulihesabu taratibu: C ni 3, H ni 8, A ni 1, R ni 18, T ni 20, R nyingine 18, E ni 5, S ni 19. Jumla 92. Wewe uliongeza ST, kifupi cha Street (mtaa kwa Kiingereza), yaani 19 na 20, ukafika 131. Wa tatu alilirudishia jina Ufaransa wake, akatanguliza RUE, yaani mtaa kwa Kifaransa, yenye thamani ya 44, akapata 136.

Sasa tazama madhara yake. Kawaida jumla hupunguzwa hadi tarakimu moja: 92 huwa 9 na 2, yaani 11, kisha 1 na 1, yaani 2. Kwa njia hiyohiyo 131 huwa 5, na 136 huwa 1. Katika majiranukta yaliyoandikwa kwa digrii na dakika, tarakimu ya kwanza baada ya nukta ya dakika za latitudo ina uzito wa takriban mita 185, ya pili mita 18.5, na ya tatu mita 1.85. Kwa hiyo wewe na mwenzako mnaachana kwa tarakimu 3. Zikiangukia nafasi ya kwanza, mtatengana mita 555. Zikiangukia ya tatu, mtatengana mita tano na ushee.

Umbali huo mdogo ndio unaoumiza zaidi. Mtu aliyepelekwa mita 555 pembeni hujikuta mtoni au katikati ya barabara kuu, akajua mara moja kwamba hesabu imeharibika. Aliyepotoka mita tano atapekua kichaka kisicho chake kwa saa nzima, akiamini yuko palepale.

Mwandishi wa fumbo anapaswa kuandika hivi: "Hesabu jina peke yake, bila neno la aina ya njia, kama lilivyo kwenye kibao." Na kwa wasomaji wa Kiswahili tunaongeza tahadhari moja. Herufi ni 26 za alfabeti ya Kilatini, pamoja na Q na X ambazo sisi hatuna. Ukihesabu kwa alfabeti yetu, kila herufi iliyo baada ya P itashuka: R inakuwa 17 badala ya 18, na Y inakuwa 23 badala ya 25. Vilevile CH ya Chartres ni herufi mbili, 3 na 8, ingawa masikioni mwetu ni sauti moja.

SWALI: Na zile alama juu ya herufi, vistari na vifupisho?

JIBU: Alama ya juu haibadilishi thamani: É, È na Ê zote ni E, yaani 5, Ç ni C. Herufi iliyoungana Œ, kama katika Sacré-Cœur, ivunje iwe O na E. Alama hizi zisiwe msingi wa swali, kwa sababu vibao vingi vyenye herufi kubwa huziacha. Ukiuliza "kuna alama ngapi juu ya herufi," jibu linaweza kubadilika kwenye kona inayofuata ya mtaa uleule.

Kistari kina hatari yake. Saint-Denis ina herufi 10, lakini vibambo 11 ukikihesabu kistari. Ikifupishwa St-Denis, herufi ni 7. Taja neno "herufi" ukimaanisha herufi, na uende ukakitazame kibao chenyewe kabla ya kuchapisha. Ramani hupenda kunyoosha majina: inaandika Saint kwa urefu pale ambapo kibao kina St, au kinyume chake.

SWALI: Kuna njia ya kumwezesha msakaji ajue kuwa amekosea kabla hajaanza kuchakura?

JIBU: Ipo, nayo ni namba ya ukaguzi. Iliyozoeleka ni jumla ya tarakimu zote: "A+B+C+D+E+F = 27," ambapo kila herufi inasimamia tarakimu iliyopatikana kwenye kituo, siyo thamani ya herufi yenyewe. Inakamata kosa la tarakimu moja, lakini haikamati tarakimu zilizobadilishana nafasi, na kwenye msako wa vibao hilo hutokea mno, kwa sababu msakaji husimama kwenye kona yenye vibao viwili na kuvichanganya. A ikiwa 4 na B 7, jumla ni 11. Ukizigeuza, bado ni 11.

Zipe nafasi uzito: A mara 1, B mara 2, C mara 3, na kuendelea. Hapo 4 na 7 zinatoa 4 na 14, jumla 18. Zikigeuzwa zinatoa 7 na 8, jumla 15. Kosa linaonekana palepale kwenye daftari, mchezaji akiwa bado kwenye kona.

Ongeza kikagua majibu cha mtandaoni kwenye ukurasa wa kasha ukiweza, ila usikitegemee peke yake. Betri huisha na mtandao hukatika.

SWALI: Nitapata wapi vibao vilivyokaa karibukaribu ili msako uishe kwa miguu ndani ya saa mbili tatu?

JIBU: New Orleans, kwenye Vieux Carré, yaani sehemu ya zamani ya Wafaransa, ndiko kwepesi zaidi. Mhandisi Adrien de Pauger alichora mitaa yake mwaka 1721 kwa vitalu vya mraba, upande mmoja takriban mita 100, na kila kona inakupa majina mawili. Ukifuata Chartres utaikata Conti, kisha Toulouse, kisha mbele Dumaine. Jihadhari na vigae vya ukutani vinavyokumbusha utawala wa Hispania: mtaa uitwao leo Royal una kigae cha Calle Real. Royal ni 71, Royale ya Kifaransa ni 76, Real ni 36. Maelezo ya kasha yaseme ni kibao cha nguzoni au kigae.

Detroit ina mpangilio mwingine, na ukiujua utasaka kwa akili. Walowezi wa Kifaransa waligawana ardhi kwa mashamba membamba marefu, kila moja likianzia mtoni ili kila familia ipate maji. Mashamba yakawa mitaa, na majina ya familia yakabaki. Kwa hiyo fuata Jefferson Avenue sambamba na mto kuelekea mashariki, nawe utakuta Beaubien, Rivard, Riopelle, St. Aubin na Chene zikikatiza kwa zamu. Umbali ni mkubwa kuliko New Orleans, hivyo panga vituo vinne au vitano tu.

Montréal ina shida ya kinyume: karibu kila kibao ni cha Kifaransa, na "tafuta jina la Kifaransa" halimchujii mtu chochote. Huko bana mada. Chukua watakatifu peke yao, au majina ya ndugu wawili wa ukoo wa Le Moyne waliozaliwa mjini humo: Iberville na mdogo wake Bienville, aliyeanzisha New Orleans mwaka 1718. Mtaa wenye jina la Iberville upo katika miji yote miwili, na msako unaoiunganisha una maana kuliko kukusanya majina kwa sababu tu yanapendeza.

SWALI: Wenyeji hawanielewi ninapouliza njia. Natamka Kifaransa changu vizuri kabisa.

JIBU: Hiyo ndiyo sababu. Majina haya yameishi vinywani mwa wasemaji wa Kiingereza kwa vizazi. New Orleans, Chartres hutamkwa karibu na "Chataz", Conti ni "Kontai", na Burgundy hukazwa katikati: "bagANdi". Detroit, Gratiot ni "Grashit" na Livernois ni "Livanoi". Andika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa umwonyeshe mtu. Utaokoa muda, na hutamfanya ajione anasahihishwa kwao.

SWALI: Naweza kubandika kasha dogo la sumaku nyuma ya kibao cha mwisho? Si ndiyo mada yenyewe?

JIBU: Usifanye hivyo. Kibao ni mali ya mamlaka ya mji, na kukigusa, kukifungua skrubu au kukining'inizia kitu ni kosa katika miji mingi. Hata pasipokatazwa, mtu anayepapasa nyuma ya kibao cha mtaa hufanana na mwizi wa vibao, na kijisanduku cha ajabu kwenye nguzo ya barabarani huita polisi. Kibao kibaki cha kusomwa tu.

Kanuni ya umbali inakusaidia hapa. Vitu viwili halisi vya makasha tofauti lazima vitengane angalau mita 161, lakini kituo cha kusoma tu, kisicho na kitu kilichowekwa, hakihesabiwi. Ndiyo maana unaweza kuwa na vibao kumi katika mita 500 bila mhakiki, yaani anayekagua makasha kabla hayajatangazwa, kukurudishia. Ukilisajili kama kasha la fumbo, mahali pa mwisho pasiwe zaidi ya takriban kilomita 3.2 kutoka majiranukta yaliyotangazwa.

Kasha la mwisho lipeleke kwenye bustani au kando ya njia ya miguu, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Kopo la filamu ya zamani ya kamera lina kifuniko cha kubana ambacho hupitisha maji majira ya mvua. Bora zaidi ni ile neli nene ya plastiki ambayo hupulizwa ikawa chupa ya soda: kifuniko chake ni cha kuzungusha na hakivuji ukikifunga sawasawa. Weka karatasi ya majina iliyoviringishwa ndani ya kifuko cha plastiki, penseli fupi kama inaingia, na uandike nje kwamba ni kasha la mchezo ili anayeliokota asitishike.

SWALI: Mshale wa simu unarukaruka kona hadi kona katikati ya majengo marefu. Nimeshindwa kujua nasoma kibao kipi.

JIBU: Mawimbi ya GPS hugonga kuta na kufika yakiwa yamezunguka, na simu huhesabu njia hiyo ndefu kana kwamba imenyooka. Penye uwazi hupotoka mita 3 hadi 5. Katikati ya maghorofa inaweza kufika makumi ya mita. Kwa kibao hilo si janga, maana macho yanakamilisha kazi: mwenye kasha aseme "kona ya Chartres na Toulouse, kibao kinachoelekea mtoni," nawe usitegemee mshale peke yake.

Kwa kasha la mwisho, chukua vipimo mara tatu au nne kwa siku tofauti, simama dakika chache kila mara bila kuifunika simu kwa mwili, kisha tafuta wastani. Kipimo kimoja kilicho mbali na vingine kitupe.

Chunguza pia umbo la namba. Mchezo huu hutumia WGS84, mfumo wa majiranukta unaotumiwa na GPS, kwa digrii na dakika zenye nukta: N 29° 57.500. Mtu akiingiza 29.575 akidhani ni kitu kilekile, amejitupa zaidi ya kilomita 42, kwa sababu dakika 57.5 ni digrii 0.9583, si 0.575.

SWALI: Nilisikia zamani ulikuwa unatafuta kibao chochote duniani kinacholingana na mada, bila kuambiwa kilipo. Bado inawezekana?

JIBU: Hayo yaliitwa makasha yasiyo na mahali. Mwenye kasha alitaja aina ya kitu, msakaji akakipata popote, akaleta majiranukta na picha, na kitu hicho hakikurudiwa na mtu mwingine. Makasha hayo yalifungwa kuelekea 2006, na kazi hiyo ikahamia Waymarking, tovuti iliyofunguliwa 2005 kwa ajili ya kuorodhesha mahali kwa makundi. Ukitaka kukusanya vibao vya Kifaransa kutoka nchi nyingi, huko ndiko panapofaa.

SWALI: Picha zangu za usiku zinatoka na kibao cheupe tupu, hakuna hata herufi.

JIBU: Ni mwanga wa simu yako mwenyewe. Vibao vya barabarani vimefunikwa kwa tabaka lenye vishanga vidogo mno vya kioo au vipembe vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka, ili dereva akisome kwa taa za gari lake. Ukiwasha flashi, mwanga wote unarudi kwenye kamera. Izime, mwombe mwenzako akimulike kibao kwa tochi akiwa amesimama hatua kadhaa pembeni yako, nawe upige picha. Vibao vya enameli, kama vile vya samawati vya Paris, vina tabu ya mchana: vinaakisi anga. Sogea upande mmoja mpaka mng'ao uondoke.

SWALI: Watu wanalifumbua kasha langu kwa picha za mitaa za mtandaoni bila kufika. Niwazuie vipi?

JIBU: Uliza kilicho kidogo au kilicho nyuma. Vibao vya Paris, kwa mfano, mara nyingi huwa na mstari wa maandishi madogo chini ya jina, wenye miaka ya kuzaliwa na kufa ya mtu aliyeenziwa. Mwaka wa kuzaliwa hukupa tarakimu nne zilizo safi kuliko jumla ya herufi, na picha ya mtandaoni mara nyingi haiuonyeshi sawasawa. Usiulize idadi ya skrubu wala rangi. Fundi akija kukarabati, fumbo limekufa. Majina yenye tarehe ndani yake, kama Place du 18-Juin-1940 ya Paris, yanavutia, lakini mtu huyasoma kwenye ramani akiwa kitandani. Yatumie kumpeleka mahali, na jibu lenyewe litoke kwenye kitu kingine hapo.

SWALI: Kibao kimoja cha msako wangu kimetoweka. Nifunge kasha?

JIBU: Lisimamishe kwa muda siku hiyohiyo ili watu wasipoteze safari, kisha nenda ukatazame. Vibao vya mitaa maarufu huibwa na watafuta kumbukumbu, na mara nyingi mji hurudisha kingine. Hakikisha kipya kimeandikwa vilevile. Saint ikigeuka St, hesabu yote inabadilika.

Jina lenyewe likibadilishwa, badilisha kituo. Hilo huweza pia kukuongezea: New Orleans iliamua mwaka 2022 kuuondolea mtaa mmoja jina la Robert E. Lee na kuuita Allen Toussaint, kwa heshima ya mwanamuziki wa mji huo. Mtaa ambao awali haukufaa msako huu ukawa na jina la ukoo la Kifaransa. Mwenye ramani ya zamani hatauona. Mwenye kwenda na kusoma kibao atauona.

Tangu mwanzo, tunga msako ukiwa na kituo kimoja cha akiba: kibao cha ziada kinachotoa tarakimu ileile kwa njia nyingine. Siku kibao kimoja kikikosekana, unabadilisha sentensi moja kwenye maelezo, na kasha linabaki lilipo.